Chupa Niliyompa Shangazi Yako

Nyakahanga, Karagwe
Jumapili alasiri, 1998

Kemilembe mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anafungua tena begi alilokwisha kulifunga. Habari za sweta, za pasipoti kukaa kifuani na za kutozungumza na kila mtu kwenye meli ya ziwani amekwambia zote, na kesho pale kituo cha basi Kayanga atazirudia mbele za watu mpaka uangalie pembeni kwa aibu. Hayo namwachia yeye. Mimi nimejitenga huku nyuma ya nyumba, nimekaa kando ya mikeka ya kahawa, na kila jirani anayepita anadhani nafukuza mbuzi.

Nataka kukueleza kuhusu Daktari Elias, huyo unayekwenda kusoma chini yake. Ningeweza kukuita nikakwambia kwa mdomo, lakini najijua. Nitapandwa na hasira, nitaanza kusema Kinyambo cha haraka, mama yako atakuja kunikumbusha presha, na mwisho tutakuwa tunajadili presha yangu. Kwa hiyo naandika. Barua hii nitaitia kwenye begi lako dogo, uisome ukiwa mbali kidogo na sisi.

Daktari Elias alinisaliti. Nalisema mapema ili usije ukasoma kurasa zote ukijiuliza mzee ana nini.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka posta ya Kayanga, ulikokwenda kupiga simu Ulaya. Ulikuja mbio kutoka barabarani, viatu mkononi, unacheka. Ulisema, "Baba, kumbe mkuu wa maabara ninayokwenda ni Mtanzania, na anakufahamu. Anasema aliishi hapa kwetu. Amesema, mwambie baba yako ndugu yake anamsalimu." Mama yako aliacha kumenya ndizi. Mimi niliinuka, nikachukua mundu, nikaingia kibanjani. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba nimekwenda kulia kwa furaha. Nilikata majani makavu ya migomba mpaka giza likaingia, na mengine hayakuwa makavu.

Kesho yake ukatueleza jikoni kazi yenyewe. Ile homa ya mafua ya ndege tuliyoisikia redioni, iliyotoka kwa kuku huko Asia ikaua na watu, ndiyo mnayoitafutia dawa. Ulisema kirusi kinaingia kwenye chembe ya mwili, kinazaliana humo, halafu watoto wake wanajinasua na kutoka kwenda kuvamia chembe nyingine. Na dawa mnayoitafuta inawafanya wakwame pale mlangoni. Mama yako akauliza, "Kwa hiyo mnawafungia wasitoke?" Ukasema karibu hivyo. Niliipenda dawa hiyo. Nataka ujue kwamba niliipenda, kwa sababu nitakayoandika sasa yanaweza kukufanya udhani baba yako ni adui wa dawa.

Elias alikuja hapa wewe ukiwa darasa la pili, labda ndiyo maana jina lake halikukukumbusha kitu. Hakuwa na jina kubwa wakati huo. Alikuwa kijana mwembamba anayesomea magonjwa ya mifugo, anatafuta shahada yake ya juu. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo watu wa ofisi Kayanga wakamleta kwangu. Alikuwa na makasha ya chupa. Alisema ni dawa ya majaribio ya mdondo, ugonjwa ule unaoujua mwenyewe: kuku anazubaa, anahara kijani, shingo inapinda, na kabla hujajua la kufanya banda zima limelala. Chanjo ilikuwapo, lakini ilitaka barafu, na barafu hapa Nyakahanga ilikuwa hospitalini tu. Dawa yake haikutaka barafu. Unatia matone kwenye maji ya kunywa, basi. Aliniambia mdondo unaletwa na kirusi, mafua yanaletwa na kirusi, na akiipata dawa ya kirusi kimoja cha kuku, wenye akili zaidi yake wataipata ya vingine. Alivyoongea, hata mimi niliyeishia darasa la saba nilijiona nimo katika kazi hiyo.

Watu hawakuipokea. Miaka ile tulikuwa tunazika mno, vijana watupu, kwa ugonjwa usio na dawa, na kila aliyepita na chupa mkononi alikuwa ama tapeli ama nabii. Walimsalimia vizuri, wakampa mkungu wa ndizi, wakamrudishia chupa yake.

Hapo ndipo akaniomba undugu.

Huku kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hata hajaulizwa shida yake, hilo umekua ukiliona. Lakini tunda moja la kahawa lina punje mbili, na watu wawili wakigawana tunda moja mbele ya shahidi, hiyo si kahawa ya mgeni tena. Huo ni omukago, undugu wa kuchanjiana. Wazee walizipaka punje hizo damu ya kila mmoja. Mchungaji wetu alikuwa ameshakataza habari za damu, tukaelewana kwamba kahawa peke yake inatosha. Mkishatafuna, nyumba yake ni yako, shida yake ni yako, na akikuomba jambo humkatalii. Wala humdanganyi. Anayemdanganya ndugu wa omukago tumbo lake linavimba, ndivyo tulivyoambiwa tangu utotoni, na mimi ni mzee wa kanisa lakini bado natazama matumbo ya watu.

Alikuwa amekaa nasi muda mrefu. Alilala chumba cha mbele, alikubeba mabegani mkienda kuteka maji. Nilimpenda. Shangazi yako Kokugonza ndiye aliyechemsha kahawa na kuikausha, akachagua tunda lililoshiba, akatupasulia kwa meno yake. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi. Tulipokwisha kutafuna alimwambia Elias, "Sasa umepata dada. Ole wako nikikosa kuni." Elias akaomba shoka, akampasulia kuni jioni hiyo hiyo.

Mpaka leo sijui kama aliomba undugu kwa kuwa alinipenda, au kwa kuwa chupa zake zilikuwa zinarudishwa. Najua tu kwamba baada ya hapo chupa zilianza kupokelewa.

Wewe shangazi yako unamjua kama mwanamke wa ng'ambo ya ua, anayekusalimia kwa jina lako kamili na haingii kwetu. Alivyokuwa zamani nadhani umeshasahau. Mume wake alikwenda vitani Uganda na hakurudi. Wakwe walipotaka arithiwe na shemeji yake, alibeba kuku wake kwenye tenga akarudi hapa, nami nikamkatia kipande cha kibanja. Kuku wale ndio waliomsimamisha. Mwanamke wa hapa wakati ule hakula kuku wala yai, ilikuwa mwiko, lakini kufuga hakuzuiwa. Kwa kuku aliezeka nyumba yake bati, na misiba ikitokea alitoa mchango wake bila kuja kuniangalia machoni. Tukigombana alisema, "Mimi nina kuku wangu," na ugomvi ukaishia hapo.

Halafu mdondo ukasikika upande wa Rubwera. Unajua tunavyofanya mdondo ukisikika. Kila mtu anawafunga kuku wake miguu kwa kamba ya mgomba, anawapeleka kwa ndugu wa mbali, nyuma ya milima, huku akiomba wasiwe wameshaugua. Wataalamu wanatukataza, wanasema ndivyo tunavyousambaza, na ni kweli. Lakini wachache hupona, na mwenye wachache waliopona anaanza upya. Elias hakutaka kuku wahame. Alisema dawa haiwezi kupimwa kuku wakitawanyika. "Kaka," aliniambia, "nisaidie watu watulie."

Niliwatuliza. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na chupa zake, kila chupa ina namba ya nyumba, nikazigawa kwa mkono wangu. Kwa shangazi yako nilikuta kuku wameshafungwa, wamo kwenye tenga, anamsubiri mwenye baiskeli awapeleke kwa wajomba zetu Kaisho. Nikamwambia hakuna haja. Akaniuliza, "Una hakika na hii dawa?" Nikamjibu, "Nina hakika na ndugu yangu." Nikainama nikawafungua kamba mmoja mmoja. Jogoo wake alinichafua shati, na shangazi yako alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko hicho ndicho cha mwisho nilichokisikia kutoka kwake.

Mdondo ulipofika ulianzia kwake. Asubuhi moja alikuja na kibuyu kidogo. Alisema baadhi ya kuku wake wamezubaa, ingawa amewapa matone kama alivyoelekezwa, na ameona wetu wanachakura tu, wazima. Akasema, "Nimiminie kidogo ya chupa yako." Mama yako alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua juu ya kabati. Nikamzuia. Elias alikuwa ametuambia kila nyumba itumie chupa yake, tukichanganya kazi yote itaharibika. Mimi alinishika bega akaniomba hilo kwa omukago wetu. Nikamwambia dada yangu, "Dawa ni ile ile. Iliyomo kwangu ndiyo iliyomo kwako. Waongezee matone."

Alinitazama, akaitazama chupa. Akasema, "Haya, kaka," akarudi na kibuyu chake kitupu.

Nilisema kweli kama nilivyoijua. Hilo nimejiambia mara nyingi, wala halijanisaidia.

Kuku wake walikufa wote, na jogoo. Kwa majirani wengine walikufa, kwa wengine walibaki. Wetu walibaki wengi. Ulikuwa unawalisha wewe, unawaita kwa majina, na ng'ambo ya ua shangazi yako anachimba shimo.

Elias alipita akihesabu wazima na wafu, akaondoka, akarudi baadaye akiwa na furaha. Ilikuwa mchana. Tulikaa hapa hapa nilipokaa sasa, nimemwekea lubisi, ile pombe yetu ya ndizi aliyoipenda. Akasema, "Kaka, dalili ni nzuri. Waliopata dawa wamestahimili kuliko waliopata maji."

Nikamuuliza maji gani.

Akanieleza kwa utulivu kabisa. Alisema katika jaribio lazima nyumba nyingine zipewe maji yaliyotiwa rangi, yafanane na dawa, ndipo ijulikane kama ni dawa iliyookoa au ni bahati. Alidhani nitafurahi kuelewa. Nikamuuliza dada yangu alipata nini. Akasema, "Maji. Lakini hata mimi sikujua, kaka. Orodha ya namba ilikuwa imefungiwa Dar es Salaam, imefunguliwa juzi."

Nikamwambia, "Hukujua ni nani. Ulijua wapo."

Akazungusha kibuyu cha lubisi mkononi. Kisha akasema, "Ningekwambia, ungewaambia."

Hilo ndilo jibu lake, mwanangu, sijapata jingine. Lina ukweli, ndiyo maana linauma mpaka leo. Alinijua vizuri kiasi cha kujua kwamba nisingeweza kuwaficha watu wangu, akaona anifiche mimi. Alihitaji mtu anayeaminika wa kumbebea maji yake, akanigawia punje ya kahawa.

Sikumpiga, ingawa nilitaka. Nilimwomba jambo moja tu. Nilimwambia twende sasa hivi ng'ambo ya ua, ukae kwa dada yangu, useme kwa mdomo wako kilichokuwamo kwenye chupa, na useme kwamba mimi sikujua. Alikubali kwamba ni haki yangu. Alisema gari la ofisi linamsubiri Kayanga, akirudi wiki ijayo tutakwenda pamoja. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakurudi. Alipata shahada yake, akaenda Ulaya, na dawa yenyewe, kama alivyokwambia kwenye simu, ilionekana haina nguvu ya kutosha ikaachwa.

Nilisubiri wiki hiyo ipite, nikasubiri na nyingine, halafu nikaenda peke yangu. Shangazi yako alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo si tabia yake. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwapo dawa na yalikuwapo maji. Wewe ukapata dawa, mimi nikapata maji. Aliyenipa kwa mkono ni wewe. Niliyekuja kumwomba tone akaninyima ni wewe."

Nikamwambia sikujua.

Akasema, "Ndugu yako wa omukago asikwambie? Kahawa hiyo niliipasua mimi."

Tangu siku hiyo hajatafuna kahawa nyumbani kwangu. Alikuja kwenye msiba wa bibi yako, mama yetu sisi wawili, akakaa uani na wanawake wenzake. Kikapu cha kahawa kilipomfikia akakipitisha kwa aliyefuata, watu wote wanaona. Unajua maana yake. Anayekataa kahawa yako anasema anaogopa utamwekea sumu. Majirani walielewa hivyo hivyo. Wapo waliosema nilichagua nani apone, kwamba namba zile nilizisoma mimi na nikajua. Ubalozi niliuacha mwenyewe kabla hawajanivua, nikasingizia mgongo.

Basi fikiria salamu zako ziliponifikia. Ndugu yake anamsalimu. Ndugu gani? Nilikaa na neno la kukuzuia kooni kwa siku nyingi, mezani nakutazama unavyokula, silitoi. Mwishowe nilimwambia mama yako. Alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso. Akasema, "Mzuie, halafu wewe na binti yako mtakuwa wawili mliopoteza kitu kwa ajili ya mtu huyo huyo." Nikaona ni kweli. Wewe nenda.

Na yale maji nimeyafikiria sana, nimekuwa na muda. Ukimpa kila mtu dawa na nusu ya kuku wakapona, utajuaje ni dawa? Mdondo wenyewe huacha wachache. Nimeligeuza jambo hilo kila upande nikiwa shambani, na sioni njia nyingine ya kujua. Kwa hiyo siyachukii maji. Ninachokichukia ni kule kukaa kimya. Angesimama uani pale akasema, "Wengine wenu watapata maji, na hata mimi sijui ni nani," wapo ambao wangekubali. Sisi wakulima wa kahawa tunabahatisha kila msimu. Shangazi yako asingekubali. Angemshukuru, angebeba tenga lake, na kuku wake wangekwenda Kaisho, pengine wakafie huko huko. Lakini ingekuwa shauri lake. Elias aliogopa watu wa namna hiyo wangekuwa wengi na jaribio lisisimame. Labda ni kweli lisingesimama. Basi lisingesimama, akatafute shahada kwa njia nyingine.

Upande wangu, kosa langu nililiona baadaye sana, na ni dogo kiasi kwamba unaweza kulifanya kila siku bila kushtuka. Niliulizwa kuhusu dawa, nikajibu kuhusu mtu. Dada yangu hakuniuliza habari za ndugu. Neno "sijui" lingetosha kabisa, na kuku wangebaki kwenye tenga. Lakini balozi hapendi kusema hajui. Nawe una ugonjwa huo huo, usinibishie. Ndiwe uliyewaongoza wageni wa kanisa kwenda Omurushaka wakatokea kwenye mashamba ya watu, kwa sababu ya kuona haya kusema hujui njia.

Siku itafika mtamaliza kazi ya kwenye vioo vya maabara, mje kwa kuku, na baada ya kuku mje kwa watu wenye homa, wanaohema kwa shida, na ndugu zao wamewashika mikono. Watakutuma wewe ukaongee nao, kwa sababu unapendeka na unajua kukaa na watu, kama yeye alivyojua. Mtu atakuuliza kama uliyonayo ni dawa. Sikuambii umjibu nini, utakuwa umesoma kuliko mimi. Nakuomba tu umkumbuke shangazi yako na kibuyu chake, halafu ujibu.

Sasa la leo. Mchana ulikula kuku ukamsifia mama yako mchuzi. Kuku huyo hakuwa wetu. Mlipokuwa kanisani mnaagana na watu, mimi nimebaki na mgongo wangu, shangazi yako aliniita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. Miaka yote hii hajapata kuniita. Alikuwa amepakata kuku mwekundu, miguu imefungwa kamba ya mgomba. Alinipitishia juu ya ua. Akasema, "Mpikieni mtoto. Huyu alizaliwa Kaisho, hajanywa dawa ya mtu."

Nikamshukuru. Nikamwambia aingie, kahawa ipo.

Hakuondoka wala hakuingia. Akaniuliza, "Huyo unayempelekea binti, ndiye yule?"

Nikasema ndiye.

Akatazama mikono yangu iliyoshika kuku, kisha akasema, "Basi aje aseme yeye." Akarudi ndani kwake.

Nilibaki nimesimama na kuku wake mkononi, Kemilembe. Sikutegemea kwamba bado kuna kitu anachokisubiri. Nilidhani alishalifunga jambo hili. Kumbe miaka yote alikuwa ananisikia nikisema sikujua, na alichokosa ni mdomo mmoja tu wa kulithibitisha, na mdomo wenyewe uko Ulaya, unafundisha watu.

Kwa hiyo sikiliza. Ukifika, mheshimu. Jifunze kwake kila anachokijua, maana anajua mengi, nami sitaki urudi na elimu nusu kwa ajili ya ugomvi wangu. Ila kwa mila yetu ndugu wa omukago wa baba ni baba mdogo, naye mila hiyo anaijua, atalingoja jina hilo litoke mdomoni mwako kama asali. Usimwite hivyo. Mwite Daktari. Ataona, na siku moja atakuuliza. Hapo mwambie kwamba ndugu yake wa Nyakahanga alimwomba jambo moja mchana ule wa lubisi, na bado analiomba, na ombi la omukago halikataliwi. Mwambie dada yake yuko hai, anasikia vizuri, anaishi ng'ambo ya ua ule ule, ila magoti yameanza kumsumbua na hatasubiri milele. Aje akae kwenye mkeka wake aseme, "Yalikuwa maji, na kaka yako hakujua."

Kahawa nitachemsha mimi. Daktari asipoichukua sitajali. Lakini kikapu kikimfikia Kokugonza, na Kokugonza akanyoosha mkono akachukua punje moja, nitakuandikia kabla hajamaliza kuitafuna. Daktari akisharejea huko maabara, ukikutana naye asubuhi, umwamkie, "Shikamoo baba mdogo."

Ni mimi baba yako, ambaye kesho kituoni utaniona natazama matairi ya basi.